Mshahara wa mkononi, tanuri la mikate na serikali mbili

*"Nina tanuri la mikate Wete, Pemba, na watu wanane: watano wa kudumu na vijana watatu ambao ni vibarua, ingawa hao vibarua huu ni mwaka wao wa tatu kwangu. Kila mmoja nimekubaliana naye mshahara wa mkononi. Tarehe 30 namlipa kwenye bahasha na kuandika kwenye daftari. Mwezi uliopita dereva wangu alikwenda ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, kuuliza michango yake akaambiwa jina lake halimo. Tangu siku hiyo tanurini kuna minong'ono. Mimi niliwaambia zamani wajiunge wenyewe na ule mpango wa hiari, nikadhani nimemaliza. Mwokaji wangu mkuu, ambaye anapokea laki tano, hataki tuandikishe. Anasema kodi itamla, na hata nikimwongeza atapata pungufu. Mmoja katoka Tanga, yeye anataka nimlipie NSSF, mfuko wa Bara. Shemeji yangu wa Dar es Salaam amenitumia jedwali lake la mishahara la kompyuta, anasema nijaze namba tu. Nianzie wapi bila ya kufunga tanuri? Na deni la nyuma si litanimaliza?"*

Ndugu yangu, nimeisoma barua yako mara mbili. Ndani yake mna maswali saba, lakini hofu ni moja: kwamba ukijitokeza tu, utakuta bili ya miaka mitatu inakusubiri na tanuri litazimika. Hofu hiyo naijua. Nimeiona kwenye nyuso za watu wengi waliokuja ofisini kwangu Chake Chake na mfuko wa rambo uliojaa karatasi. Nitakujibu moja moja, ila si kwa mpango ulioniuliza, kwa sababu kuna jambo moja ambalo ukilielewa, mengine yanajipanga yenyewe.

Mshahara wa mtu anayefanya kazi Pemba unaguswa na mamlaka mbili. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano. Imo kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977. Kwa hiyo kodi inayokatwa kwenye mshahara, tuliyozoea kuiita PAYE, inatoka kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 na inasimamiwa na TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, uwe Wete au Mwanza. Lakini kazi si jambo la Muungano, wala hifadhi ya jamii ya wafanyakazi wako. Mikataba, likizo, kima cha chini, kuachishwa kazi: hayo yote yapo chini ya Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005. Pensheni yao ipo ZSSF, mfuko ulioanzishwa kwa sheria ya Zanzibar mwaka 1998. Bara wana sheria yao, ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na yenyewe inasema wazi kwamba ni ya Tanzania Bara.

Sasa lirudie jedwali la shemeji yako. Si kwamba ni baya. Nina hakika linafanya kazi vizuri kabisa kwa duka lake la Kariakoo. Lakini ndani yake mna safu ya NSSF, ambayo si yako. Mna safu ya WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Bara, ambao nao si wako. Mna kiwango cha tozo ya kuendeleza ujuzi cha Bara na idadi ya wafanyakazi inayotumika huko, na nyuma ya hesabu ya likizo mna siku za sheria ya Bara. Ukijaza namba tu, kama alivyokwambia, utapata jumla nzuri zilizopangika, na karibu kila mstari utakuwa unakwenda mlango usio wake. Hata ile safu ya kodi usiichukue kwa macho yaliyofumba: TRA ni moja, lakini jedwali la viwango vya mtu binafsi uliombe kwenye ofisi yao ya Pemba, ukitaja kwamba wafanyakazi wako wapo Zanzibar na mwaka wa fedha unaoulizia.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilianguka kwenye shimo hilo. Mwanzo wa kazi yangu niliajiriwa na hoteli moja ya Unguja, nikarithi jedwali kutoka kwa mhasibu aliyetangulia, ambaye naye alilichukua Dar. Miezi kumi na moja nilikuwa namkata kila mfanyakazi tozo ya ujuzi kwenye mshahara wake. Tozo hiyo ni ya mwajiri peke yake! Hesabu yake hufanywa juu ya jumla ya mishahara, na mfanyakazi hachangii hata thumni. Aliyegundua hakuwa mkaguzi, alikuwa mtunza bustani aliyeuliza kwa upole kwa nini anakatwa kitu ambacho mwenzake wa hoteli ya jirani hakatwi. Tulirudisha pesa za watu wote, na mimi nilijifunza kutoamini safu ambayo siwezi kusema imetoka kwenye sheria gani.

Twende kwenye mshahara wa mkononi, maana hapo ndipo penye tatizo lako kubwa kuliko hata hilo la ZSSF.

Unapomwambia mtu "nitakupa laki tano mkononi", wewe unadhani umetaja mshahara. Hukutaja. Umetaja kile kitakachobaki baada ya kila mtu kuchukua chake, na umeahidi kwamba vyote vinavyotangulia utavibeba wewe. Sheria ya kodi haianzii kwenye bahasha. Inaanzia juu, kwenye mshahara ghafi, yaani kabla ya kukatwa chochote, na kama mwajiri amejifunga kulipa kodi ya mfanyakazi, basi kodi ile nayo inahesabiwa kuwa sehemu ya kipato cha mfanyakazi. Na kama hukukata kabisa, haikwambii "pole, mfuate mfanyakazi". Wewe ndiye uliyepewa kazi ya kukata, kwa hiyo ile kodi ambayo haikukatwa unadaiwa wewe.

Tufanye hesabu ndogo. Namba hizi nazitunga ili ziwe nyepesi kichwani, viwango halisi utavipata kwenye kaunta za ZSSF na TRA. Chukulia mchango wa mfanyakazi ni asilimia 10 ya mshahara ghafi. Chukulia shilingi 300,000 za mwanzo hazitozwi kodi, zinazofuata mpaka 500,000 zinatozwa asilimia 10, na za juu ya hapo asilimia 20.

Mwokaji wako akiwa na mshahara ghafi wa 500,000, mchango ni 50,000. Mchango huo unatoka kwanza, kabla ya kodi, na hili watu wengi hulikosea na kumtoza mtu kodi juu ya pesa ambayo haiko mikononi mwake. Inabaki 450,000. Katika hizo, 300,000 hazina kitu. Zile 150,000 zinatozwa asilimia 10, ambayo ni 15,000. Mkononi anapata 435,000.

Mwongeze laki moja. Ghafi inakuwa 600,000, mchango 60,000, inabaki 540,000. Laki tatu hazina kitu, laki mbili zinatoa 20,000, na zile 40,000 za juu zinatoa 8,000. Kodi jumla 28,000. Mkononi 512,000. Kabla ya nyongeza alikuwa anapata 435,000. Amekula shilingi 77,000 zaidi, hakupungukiwa.

Mwandikie hesabu hii kwenye karatasi ya unga kama ikibidi, kwa sababu imani aliyonayo ni ya watu wengi: kwamba mtu akivuka mstari, mshahara wake wote unaangukia kwenye kiwango cha juu. Sivyo. Ni kama maji yanayojaza ndoo tatu zilizopangwa. Ndoo ya kwanza ikijaa ndipo ya pili inapoanza kupata. Maji yaliyokwisha kuingia ya kwanza hayarudi kutolewa.

Sasa geuza hesabu. Ukishikilia kwamba apate 500,000 kamili mkononi, kwa namba zilezile za kutunga ghafi yake ni 583,333. Mchango 58,333, inabaki 525,000, kodi 25,000, mkononi 500,000. Umeona? Ulidhani una mtu wa laki tano. Una mtu wa zaidi ya laki tano na themanini, na hapo hatujagusa sehemu ya mwajiri ya ZSSF, ambayo ni kubwa kuliko ya mfanyakazi, wala tozo ya ujuzi. Hiyo ndiyo bei halisi ya mwokaji wako. Bei ya boflo unayouza leo umeipanga kwa bei ile nyingine.

Kwa hiyo una njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kubaki na ahadi yako: mkononi iwe ileile, na wewe ubebe kinachoongezeka juu yake. Inalinda amani tanurini lakini ni ghali, na kila viwango vikibadilika wewe ndiye unayeumia. Ya pili ni kukaa na kila mmoja mkakubaliana mshahara ghafi mpya, ulioandikwa, ambao makato yake anayajua. Huenda mkononi pakapungua kidogo kwa baadhi yao. Mimi nimeona waajiri wakikutana katikati: wanapandisha ghafi kiasi, mfanyakazi anakubali kupungukiwa kiasi, na anaonyeshwa kwamba kilichopungua kimekwenda kwenye jina lake. Usichoweza kufanya ni kuamka asubuhi ukamkata mtu uliyemwahidi mkononi bila ya makubaliano. Hapo utakuwa umebadilisha mkataba peke yako, na mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Kama unaniuliza mimi, ningeanza na njia ya pili, na ningeanza mazungumzo kwa dereva.

Maana dereva wako ndiye aliyejua kabla yako. Najua kaunta ile inavyokuwa. Mtu anatoa kitambulisho, mhudumu anaandika namba, anaandika tena, anageuza uso polepole na kuuliza, "Mwajiri wako nani?" Yule kijana alikuwa amesimama na watu nyuma yake. Kunong'ona unakokusikia kumetoka hapo, na hakutaisha kwa wewe kununa.

Kuhusu ZSSF yenyewe, nikusahihishe kwenye mpango wa hiari. Upo, na ni mzuri. Umewekwa kwa watu wasio na mwajiri: mvuvi, mama wa vitumbua, fundi anayejitegemea, mkulima wa mwani. Haumwondolei mwajiri wajibu wake. Mfanyakazi wako akijiunga na hiari, anachangia peke yake kutoka mfukoni mwake, na sehemu yako, ile kubwa, haimfikii. Ukijisajili kama mwajiri, unapewa namba yako, unawaandikisha watu wako kwa majina na vitambulisho, na kila mwezi unapeleka sehemu zote mbili pamoja na orodha inayoonyesha nani amechangiwa nini. Orodha hiyo ina uzito uleule wa pesa. Nimeona michango iliyolipwa ikakaa bila ya kuingia kwa mtu kwa sababu jina liliandikwa "Khamis Ali" na kitambulisho kinasema "Hamis Aley".

Jihadhari na viwango vya zamani. ZSSF ilipoanza, mfanyakazi alikuwa akitoa asilimia 5 na mwajiri asilimia 10, na mpaka leo nakutana na watu wanaopiga hesabu kwa namba hizo kwa sababu ndizo walizofundishwa. Zimepanda zote mbili tangu wakati huo. Ukienda kujisajili, waombe wakuandikie kiwango cha sasa, na uulize papo hapo ni malipo gani yanaingia kwenye hesabu: mshahara wa msingi peke yake, au pamoja na posho. Watu hudhani wanaweza kuandika msingi wa laki mbili na "posho ya usafiri" ya laki tatu wakapona. Mkaguzi yeyote aliyekaa kazini wiki mbili anaujua mchezo huo.

Kuna na Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, uliotokana na sheria ya 2023. Nao unagusa waajiri wa sekta binafsi iliyo rasmi. Ukishajisajili ZSSF na TRA umekuwa rasmi, kwa hiyo safari ileile ya kwenda mjini upite na huko, ili usije ukaletewa barua baadaye.

Kijana wa Tanga simtii makosani. Ana akiba yake NSSF na anaogopa kuipoteza. Mwambie haipotei. Michango aliyokwisha kuchangiwa Bara imebaki kwenye jina lake kule, na masuala ya kuifuatilia ni kati yake na NSSF. Lakini kwa kazi anayoifanya Wete, kwa mwajiri wa Wete, mfuko wake ni ZSSF. Usimlipie NSSF kwa kumfurahisha, utakuwa umelipa na bado unadaiwa.

Hao vijana watatu sasa. Kibarua ni mtu uliyemwita leo kushusha magunia ya unga bandarini, akalipwa, akaenda zake. Mtu anayefika tanurini saa tisa za usiku kila siku kwa mwaka wa tatu, unayempangia zamu wewe, anayetumia koleo lako na aproni yako, na ambaye akikosa unamuuliza kwa nini, huyo ni mfanyakazi. Jina unalomwita haliibadilishi kazi. Sheria inatazama uhusiano ulivyo, na hao watatu ndio watakaokugharimu zaidi siku mtakapogombana, kwa sababu hawana karatasi hata moja na wewe huna ya kujitetea nayo. Waandikie mikataba kwanza kuliko hao watano. Na najua utaniuliza kuhusu msimu wa karafuu, pale vijana wanapoaga wiki tatu kwenda kuchuma kwa sababu pishi inalipa kuliko boflo. Hilo lisikutie hofu. Andika kwenye mkataba kwamba kuna ruhusa isiyo na malipo kwa makubaliano, na kila mmoja akiondoka ajaze karatasi yenye tarehe ya kwenda na ya kurudi. Mwezi huo mshahara wake unakuwa mdogo na michango inafuata mshahara. Pasipo na karatasi hiyo, ZSSF wataona pengo na mfanyakazi anaweza kusema hukumlipia.

Kima cha chini: kipo cha Zanzibar, hutangazwa kwa amri kwa sekta binafsi, na si kile cha Bara unachokisikia kwenye redio Mei Mosi. Kabla hujaandika mshahara ghafi wowote kwenye mkataba, pita Kamisheni ya Kazi uulize amri inayotumika leo. Mmoja wa hao vijana watatu, kwa malipo ya siku uliyonitajia kwenye karatasi ya pili ya barua yako, ambayo sikuichapisha hapa, naogopa yupo chini yake.

Kwenye hiyo karatasi ya pili vilevile umesema mikate ikipungua unamkata dereva. Acha hiyo mara moja. Makato halali kwenye mshahara ni yale ya sheria, yale ya amri ya mahakama, na yale ambayo mfanyakazi ameyaridhia kwa maandishi, kama mkopo aliochukua kwako wa ada ya skuli. Hasara ya biashara haiwi kodi ya dereva kwa sababu tu ndiye wa mwisho kuishika. Kama unaamini ameiba, kuna utaratibu wa nidhamu. Kama ni maduka yanarudisha mikate iliyolala, basi ni biashara, na ni yako. Chai na mkate wanaokula hapo kazini, wote kwa pamoja, usiviingize kwenye hesabu ya kodi: chakula kinachotolewa kazini kwa wafanyakazi wote bila ya ubaguzi sheria ya kodi imekiacha nje.

Sasa deni la nyuma, ambalo najua umeruka mistari kuja kulitafuta.

Lipo. Siwezi kukwambia halipo. Kuna michango ambayo haikulipwa, na uchelewaji una nyongeza yake juu. Kuna kodi ambayo haikukatwa, na TRA nayo ina riba na adhabu. Lakini pima vizuri ukubwa wake kabla hujaanza kukosa usingizi. Kwa wale ambao mishahara yao haikuvuka kiwango kisichotozwa, kodi ya nyuma ni sifuri. Kilichokosekana ni ritani, yaani taarifa ya kodi ya kila mwezi, kwani mwajiri anawasilisha hata mwezi ambao kodi ni sifuri. Inawezekana kabisa kodi ya kweli ni ya mwokaji mkuu peke yake, na pengine dereva. Kubwa itakuwa ZSSF. Na huko, usianze kukata limbikizo kwenye mishahara ya leo. Mfanyakazi hakuchelewesha kitu, na ukimkata mara mbili mwezi mmoja utampoteza, kisha atakwenda kuyasema maneno yote mahali pengine.

Nenda mwenyewe kabla hujaitwa. Hilo ndilo linalobadilisha mazungumzo. Mtu aliyeingia kwa miguu yake na daftari mkononi, akasema "nimechelewa, nataka kupanga", anapokewa tofauti na aliyefuatwa na mkaguzi baada ya mfanyakazi kulalamika. TRA wana utaratibu wa kulipa kwa awamu ukiuomba kwa maandishi. ZSSF nao zungumza nao kuhusu mpango wa kulipa. Usiahidi awamu usiyoiweza, kwani mpango uliovunjwa ni mbaya kuliko deni. Chukua mauzo ya Ramadhani uyaweke kando, kwa sababu sote tunajua mwezi unaofuata Idi watu wanarudi kwenye mihogo na boflo inalala.

Na lile daftari lako usilidharau. Kama kila tarehe 30 umeandika jina, kiasi, na mtu akatia saini, una ushahidi ambao hoteli nyingine zenye kompyuta hawana. Lipige picha kurasa zote, liweke pakavu. Sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu zikae miaka mitano. Kuanzia mwezi ujao ongeza safu: ghafi, ZSSF ya mfanyakazi, kodi, makato mengine, mkononi, na pembeni, kwa kalamu ya rangi nyingine, sehemu yako ya ZSSF na tozo. Kila mtu mpe slipu yenye namba hizo, hata kama umeiandika kwa mkono. Bahasha isiyo na slipu ndiyo iliyozaa minong'ono.

Kuhusu tarehe: PAYE ya mwezi inawasilishwa na kulipwa kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kwisha. Wateja wangu nawaambia wafanye na michango siku hiyohiyo ili wasiwe na tarehe mbili za kusahau. Wanaosubiri tarehe 7 yenyewe ndio wanaopiga simu saa tisa jioni kwamba mtandao umekatika Wete nzima.

Haya yote unaweza kuyaanza peke yako na mtu anayejua hesabu za kawaida. Lakini kuna siku usikae na maandishi ya mtu kama mimi, uende ana kwa ana. Ukipokea makadirio ya kodi kutoka TRA usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kupinga tangu yakufikie, na siku hizo huliwa haraka na "nitakwenda wiki ijayo". Hapo mtafute mshauri wa kodi aliyesajiliwa. Ukitaka kumwachisha mtu kazi, hasa mmoja wa hao vijana watatu au huyo dereva, mwone kwanza ofisa wa Kamisheni ya Kazi au wakili. Mgogoro ukianza huenda kwenye kitengo cha usuluhishi kilichowekwa na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2005, na kumfukuza dereva mwezi uleule aliokwenda kuulizia michango yake kutasomeka vibaya hata kama una sababu nyingine. Na mtu akiungua tanurini, Mungu aepushe, mpeleke hospitali kwanza kisha toa taarifa siku hiyohiyo. Huku hatuna ule mfuko wa fidia wa Bara wa kukupokea mzigo. Fidia ya ajali kazini kwa sheria ya Zanzibar inaweza kukujia wewe moja kwa moja, kwa hiyo ulizia bima sasa, wakati hakuna aliyeumia.

Nianzie wapi, umeuliza. Wiki hii, kabla ya ofisi yoyote, kaa na watu wanane baada ya zamu ya asubuhi, tanuri likiwa limepoa. Waambie ukweli kama ulivyoniambia mimi. Kusanya vitambulisho, na andika majina kama yalivyo kwenye vitambulisho, si kama mnavyoitana. Jumatatu panda gari uende Chake Chake: ZSSF kwanza, TRA ya pili, Kamisheni ya Kazi kabla ya adhuhuri. Na dereva ndiye akuendeshe, aingie nawe mpaka kwenye ile kaunta, jina la kwanza kwenye fomu liwe lake.